Mvinyo wa kaharabu kwa zabibu za Dodoma: mwongozo kamili, kutoka shambani hadi mwaka wa tatu

Jaba langu la kwanza liliishia jikoni kwa mama mkwe, likawa siki ya kachumbari. Zabibu zilikuwa safi, maganda yalikaa siku nane kama nilivyopanga, na siku ya kukamua kila aliyeonja alitikisa kichwa kwa kuridhika. Nikaharibu baadaye. Niliacha jaba likiwa robo tatu, nikakaza kifuniko, nikasafiri wiki tatu. Ile robo ya hewa iliyobaki juu ndiyo iliyoumaliza mvinyo. Tangu hapo, anayekuja kuniuliza kama maganda hayataufanya mvinyo mweupe uwe mchungu namwambia asihangaike na maganda, ahangaike na hewa. Karibu kila hatua hapa chini ni namna moja au nyingine ya kumfungia hewa mlango.

Kwanza tuelewane tunatengeneza nini. Mvinyo mweupe wa kawaida hukamuliwa mara tu zabibu zinapofika, maganda yakatupwa, mchuzi (maji ya zabibu) ukachachuka peke yake. Huu wetu mchuzi wake unachachuka pamoja na sehemu ya maganda, kwa hamira iliyotoka shambani na si ya pakiti, halafu unalazwa miaka. Maganda yanaupa rangi ya dhahabu nzito inayoelekea kaharabu, na yanaupa tanini, ule ukakasi unaousikia ukitafuna bibo au ukinywa chai ya rangi iliyosahauliwa na majani yake. Tanini hiyo hiyo inausaidia kuvumilia hewa kidogo inayopenya miaka inavyokwenda. Ndiyo maana unaweza kulazwa bila dawa nyingi, wakati mvinyo mweupe wa kawaida usio na dawa huchoka mapema.

Wenye kazi hii ni Wajojia, watu wa Jojia, nchi iliyo mpakani mwa Ulaya na Asia. Wao huchachusha mvinyo ndani ya kwevri, mitungi mikubwa ya udongo iliyopakwa nta ya nyuki kwa ndani na kufukiwa ardhini hadi shingoni. Mwaka 2013 UNESCO iliuingiza utaratibu huo kwenye orodha ya urithi wa binadamu. Jimbo la Kakheti, mashariki, huacha maganda, kokwa na hata vikonyo humo kwa miezi mitano au sita. Imereti, magharibi, hutia maganda kidogo tu, na mvinyo wao ni mlaini zaidi. Huko Ulaya mtindo huu ulifufukia Oslavia, kijiji cha Italia kilichopakana na Slovenia: Stanko Radikon alianza kuyarudisha maganda mwaka 1995, na Josko Gravner alikwenda Jojia mwaka 2000, akarudi na kuzika mitungi yake mwenyewe. Jina la “mvinyo wa chungwa” lilibuniwa mwaka 2004 na mwagizaji mvinyo wa Uingereza, David Harvey, na tangu hapo limewapotosha wengi wanaodhani kuna machungwa ndani. Wajojia wanauita wa kaharabu, nami nafuata wao.

Mimi nafanya kwa njia ya Imereti, maganda kiasi. Sababu nitaitaja tukifika kwenye kusaga.

Zabibu na msimu

Tumia Chenin Blanc. Inalimwa Dodoma, inastahimili jua letu bila kupoteza uchachu wote, na ganda lake si kali kupindukia. Dodoma tunavuna mara mbili, mwanzoni mwa mwaka na tena Agosti hadi Septemba. Chukua ya Agosti. Ile ya Februari na Machi inakutana na mvua, vichala vinaoza katikati ambako macho hayafiki, na kazi ya maganda haina msamaha kwa ganda bovu: uozo wote unaloweka humo humo. Agosti hewa ni kavu, na usiku kuna baridi ya kukusaidia kupoza jaba.

Nunua kilo 40. Zitakupa karibu lita 25 za mchuzi, na mwisho wa safari chupa kama 28. Vuna au pokea zabibu alfajiri, kabla jua halijazipasha. Pima sukari kwa haidromita, kile kifaa kinachoelea na kuonyesha uzito wa mchuzi ukilinganishwa na maji: mchuzi ukisoma kati ya 1.088 na 1.095 uko sawa, utakupa kileo cha asilimia 12 hadi 13. Ukiwa na kipima pH, yaani kipimo cha uchachu ambacho namba ikipanda uchachu umepungua, tafuta 3.2 hadi 3.4. Ikizidi 3.6, bora hizo zabibu uzile, kwa sababu mvinyo usio na uchachu ni kitanda cha bakteria. Mkulima akikuhimiza uchume mapema kwa kuwa mnunuzi mwingine anakuja, tafuna kokwa. Ikiwa ya kijani, na inanata menoni, bado.

Vyombo

Jaba la lita 60 lenye mdomo mpana, la plastiki ya kuhifadhia chakula, lisiwahi kubeba kitu kingine. Hili ni la kuchachushia tu. Plastiki hupitisha hewa pole pole, hivyo usithubutu kulaza mvinyo humo miezi. Kisha madumu mawili ya kioo ya lita 20, la pili likiwa la kuhamishia, jingine la lita 5, na chupa ndogo ndogo za kioo za nusu lita na robo lita za kuwekea akiba. Mpira safi wa kuhamishia, kitambaa cheupe kigumu cha kukamulia, kipimajoto, haidromita. Kama utabana matumizi, bana penginepo, dumu la kioo usilibane. Mimi nilijaribu kulibana, na matokeo mmeshayasikia.

Osha kila kitu kwa maji moto na magadi soda, suuza sana. Usitumie sabuni yenye manukato wala dawa ya klorini. Klorini ikikutana na vizibo au mbao huacha harufu ya kitambaa kilichovunda ambayo haiondoki.

Siku nne kabla: mwite mgeni mapema

Hatutumii hamira ya dukani, kwa hiyo tunaandaa chachu yetu. Siku nne kabla ya mavuno chuma kilo 2 za vichala safi kutoka shamba lile lile, viponde kwa mikono ndani ya ndoo ndogo iliyooshwa vizuri, funika kwa kitambaa, weka kivulini, koroga asubuhi na jioni. Siku ya tatu hivi itaanza kutoa povu. Sasa nusa. Harufu ya mkate, ya ndizi mbivu, ya matunda, endelea nayo. Ikinuka gundi au rangi ya kucha, mwaga, hata kama inakuuma. Mimi huandaa ndoo mbili kutoka pembe mbili za shamba, nikachagua yenye harufu nzuri. Ndoo hii ndiyo itakayoanzisha jaba haraka, na jaba linalochelewa kuanza ni jaba lililoachiwa hewa.

Siku ya kusaga

Chambua kichala kwa kichala. Tupa tunda lenye ukungu, lililopasuka na kuanza kunuka siki, lililonyauka. Kisha ng’oa zabibu kutoka kwenye vikonyo kwa mkono. Watu watatu na mazungumzo mazuri mtamaliza kilo 40 asubuhi moja. Wajojia wa Kakheti huacha vikonyo, lakini vya kwao huwa vimekomaa na kuwa vya kahawia. Vyetu Agosti mara nyingi bado ni kijani, vinaleta ladha ya jani bichi.

Ponda kwa mikono au kwa miguu iliyooshwa. Lengo ni ganda lipasuke na kokwa ibaki nzima. Usitumie blenda kabisa! Inavunja kokwa, na uchungu wa kokwa hautaisha hata ukisubiri miaka kumi.

Sasa inakuja ile sababu. Mwaka wangu wa pili niliacha maganda yote, na Chenin ile ikatoka kali kiasi kwamba jirani yangu aliuliza kama nimetia gome la mti. Tangu hapo nachuja mchuzi wote kwenye kitambaa, nakamua machicha, halafu narudisha jabani theluthi moja tu ya maganda. Chagua yale yaliyo manjano, yenye madoadoa ya jua, na uyapembue ili kokwa zipungue. Mimina chachu yako ya ndoo, koroga, funika kwa kitambaa kilichofungwa kwa kamba. Machicha yaliyobaki ni mbolea. Jojia wanayachachusha na kuyakinga kuwa pombe kali wanayoiita chacha. Hapa kwetu hiyo ni gongo, na sheria yake unaijua.

Wiki ya povu

Ndani ya saa 24 hadi 48 maganda yatapanda juu na kutengeneza kofia. Kofia hiyo ikikauka inakuwa shamba la bakteria wa siki, kwa hiyo izamishe mara tatu kwa siku, asubuhi, mchana na usiku, kwa mwiko mrefu wa mbao ulioupika kwenye maji. Izamishe kwa upole, unatosa tu, husongi ugali. Vile vinzi vidogo vya matunda vitakuja, na miguuni vimebeba bakteria hao hao, basi kitambaa kisiwe na tundu hata moja.

Joto ndilo litakalokusumbua zaidi. Hamira inapofanya kazi hujipasha yenyewe, na ukichanganya na mchana wa Dodoma utajikuta umepita nyuzi 30, pale ambapo harufu nzuri nyingi huruka na hamira inaweza kuzidiwa sukari ikiwa bado imo. Shikilia kati ya 20 na 25. Namna yangu ni ya mtungi wa maji wa bibi: jaba nalikalisha kwenye karai pana lenye maji, nalizungushia gunia ambalo ncha zake zimezama humo, naliweka kivulini panapopita upepo. Gunia linafyonza maji, maji yanakauka, jaba linapoa. Mchana mkali naongeza chupa ya plastiki yenye barafu, iliyooshwa nje, inayoelea ndani ya mchuzi. Kipimajoto kimefungwa kamba, nakisoma kila nikizamisha kofia.

Ukisikia harufu ya mayai viza katikati ya wiki, usiogope. Hamira inakosa pumzi na chakula. Koroga kwa nguvu mara mbili siku hiyo, na hapa tu ndipo hewa inaruhusiwa kuwa rafiki. Na chumba kiwe na madirisha wazi. Hewa ya ukaa inayotoka ni nzito, inatuama chini, na kwenye chumba kidogo kilichofungwa inaua mtu bila kelele.

Maganda yatoke lini? Onja kila siku kuanzia siku ya nne, na uandike. Siku ya tano kwangu mvinyo huwa mgumu, unakamata fizi kama bibo bichi. Siku ya saba au ya nane ukakasi unatulia kidogo, unakuwa wa chai ya rangi nzuri, na nyuma yake unasikia ganda la chungwa na asali. Hapo. Lakini angalia na haidromita: nataka iwe karibu 1.010, yaani bado kuna sukari kidogo na povu linaendelea. Ukikamua wakati huo, hewa ya ukaa inayoendelea kutoka itajaza dumu na kumsukuma nje yule adui. Ukingoja kila kitu kitulie ndipo ukamue, unauhamisha mvinyo ukiwa uchi.

Kwenye kioo

Kamua maganda kwa kitambaa, kwa mkono, bila kupiga wala kurusha. Maji ya mwisho kabisa, yale machungu, yaache. Jaza dumu la lita 20 hadi shingoni karibu vidole vinne kutoka juu, kinachobaki kiingie kwenye la lita 5. Ziba kwa kizibo kilichotobolewa, pitisha mpira mwembamba, ncha yake ya pili izame kwenye chupa ya maji: gesi inatoka, hewa hairudi. Ndani ya wiki moja hadi tatu haidromita itashuka hadi 0.995 au chini. Povu likikoma, jaza hadi juu kabisa.

Wiki ya tatu au ya nne chini kutakuwa na tope zito. Hamisha mvinyo kwa mpira, ncha ya kutolea ikigusa chini ya dumu jipya ili usirushe matone. Mashapo mazito yaache, yale mepesi yanayoelea yakifuata si neno. Yatalala tena, na yanaulinda mvinyo kwa kunywa hewa. Dumu lijae hadi kizibo kiguse mvinyo. Kilichobaki kiingie kwenye chupa ndogo, nazo zijae.

Sasa ni miezi kumi ya kufanya jambo moja tu. Kila mwezi, tarehe ile ile, fungua, onja kijiko kimoja, ongeza kutoka chupa ndogo, funga. Siku yangu ni tarehe mosi, siku ya kodi ya nyumba, sisahau.

Katika kipindi hicho unaweza kuona vipovu vinarudi. Mara nyingi ni bakteria wanaogeuza asidi kali ya maliki kuwa asidi laini ya laktiki. Waache wamalize, ukitia kwenye chupa kabla, zitafyatua vizibo. Unaweza pia kukutana na harufu ya panya. Ni maradhi ya mvinyo wa asili, na yana ujanja wake: puani huyasikii, unayasikia sekunde kumi baada ya kumeza, kama umelamba kizimba. Namna ya kuyapima ni kusugua tone kiganjani na kunusa, kwa kuwa ngozi hupunguza uchachu na kuifichua ile harufu. Ukiikuta, usitie kwenye chupa. Mara nyingine inapita yenyewe baada ya miezi kadhaa.

Kutia kwenye chupa, na swali la salfa

Wapo wanaoapa kutotia hata chembe ya salfa, ile dawa ya kuhifadhi mvinyo. Mimi natia kidogo mara moja tu, siku ya chupa. Gramu 1 ya potasiamu metabisalfaiti kwa lita 20 inatoa takriban miligramu 29 za salfa kwa lita, na hata alama ya Ufaransa ya mvinyo wa asili, iliyotambuliwa mwaka 2020, ina daraja linaloruhusu nyongeza isiyofika miligramu 30. Kwa joto letu naona ni bima ya bei nafuu. Mwenye pumu aambiwe kabla ya kunywa, maana salfa huwasumbua baadhi yao.

Tumia chupa za rangi nzito na vizibo vipya. Jaza hadi ibaki sentimita moja na nusu chini ya kizibo. Simamisha siku mbili, kisha laza. Andika tarehe ya mavuno, siku za maganda, tarehe ya chupa. Ukitaka kuuza ni habari nyingine: TBS (viwango), leseni ya vileo na TRA (kodi) vinakuja kabla ya chupa ya kwanza, si baada.

Kulaza

Vitabu vinasema nyuzi 12 hadi 15. Chini ya bati la Dodoma hilo ni ndoto. Nilichimba shimo la mita moja na nusu nyuma ya nyumba, nikajengea tofali, nikafunika kwa mbao, turubai na udongo. Humo kuna kama nyuzi 23. Si baridi, ila haipandi mchana wala kushuka usiku, na kinachofyonza hewa kupita kizibo ni kule kupanda na kushuka. Friji la zamani lililowekwa kiwango cha chini kabisa cha ubaridi ni bora zaidi, kama umeme unaaminika na mkeo hajaliwekea samaki.

Kwa joto la shimo mvinyo unazeeka haraka, kwa hiyo usingoje miaka saba kama anavyofanya Gravner kabla ya kuuza ribolla yake, mvinyo wa zabibu nyeupe za kwao. Fungua chupa moja mwezi wa sita, moja mwaka wa kwanza, moja wa pili. Miezi ya mwanzo utasikia tunda na ukali, kila kimoja upande wake. Mwaka wa pili vinaanza kushikana. Mwaka wa tatu rangi ni ya kaharabu kweli, ukakasi umelainika, na harufu inahama kutoka embe na chungwa kwenda tende, korosho zilizokaangwa na nta. Kwangu huo ndio wakati wake. Chupa ikitoka ya kahawia iliyofifia, na inanuka tufaha lililokatwa na kusahauliwa, kizibo kimeingiza hewa. Fungua na zilizolala karibu nayo mapema.

Kuufungua

Isimamishe chupa siku moja au mbili ili mashapo yashuke. Ipoze hadi nyuzi 13 hivi: saa moja na nusu kwenye friji, si usiku kucha, kwani baridi kali hufufua ukakasi wote uliosubiri miaka mitatu uondoke. Mimina taratibu kwenye jagi la kioo huku tochi ya simu ikimulika shingo ya chupa. Utaona mvinyo ukipita safi, kisha uzi mwembamba wa vumbi la dhahabu unaanza kujongea shingoni. Acha hapo. Vidole viwili vya chini viingie kwenye mchuzi wa kuku.

Ungoje nusu saa ndani ya jagi. Unaweza kushangaa kwamba adui tuliyemfungia milango miaka mitatu sasa anakaribishwa, lakini kwa muda huo mfupi anaondoa uzito wa chupa na kuamsha harufu. Upeleke na pilau, mbuzi wa kuchoma, mchicha wa karanga, samaki wa kupaka. Tanini inashika mafuta na viungo ambavyo mvinyo mweupe wa kawaida ungezimwa navyo. Mlenda nimejaribu mara mbili. Unafunika ulimi, na mvinyo unapita bila kuonekana.

Chupa isipokwisha, rudisha kilichobaki kwenye chupa ndogo hadi juu, ziba, weka kwenye friji. Siku nne tano haina shida, na kesho yake jioni mara nyingi huwa mtamu kuliko jana.